Cheti, Leseni au Kibali? Lugha ya Sheria ya Bunduki na Mkaazi wa Ayany

Utangulizi

Wanafunzi wa isimujamii tumezoezwa kuichambua rejista ya mahakamani kwa kuorodhesha sifa zake: sentensi ndefu, urudiaji, msamiati maalumu, unyenyekevu mbele ya hakimu. Orodha hiyo ni sahihi, na imewasaidia wengi kuvuka mtihani. Hata hivyo, haituambii rejista hiyo humfanyia nini mtu aliyesimama kizimbani. Makala haya yanakusudia kuitazama kupitia dirisha dogo, yaani msamiati wa sheria moja tu: Sheria ya Silaha za Moto, ambayo ni Sura ya 114 ya Sheria za Kenya. Sheria hii imeandikwa kwa Kiingereza tangu ilipotungwa katika miaka ya 1950. Lakini huelezwa redioni kwa Kiswahili, husomwa kizimbani kwa Kiswahili, na huwafunga watu waliojitetea kwa Kiswahili. Katikati ya lugha hizi mbili pana maneno machache ambayo, kama tutakavyoonyesha, hayalingani.

Mahali tulipopachagua ni Ayany, mtaa uliopangwa wa nyumba za kudumu ndani ya Kibera, jirani na Olympic na vijiji vya mabati. Kiswahili cha hapo kina matabaka mengi: kuna cha wazee Wanubi wa Makina, cha darasani, cha kina mama wa soko la Toi, na cha makanga wa matatu za namba 8. Mahakama ya Kibera haiko mbali, na mkaazi wa Ayany anayeingia humo huvuka kutoka Kiswahili kimoja hadi kingine ambacho hakukizoea. Yatakayosemwa hapa juu ya Ayany yanaweza kusemwa pia juu ya Kawangware, ng'ambo ya barabara ya Ngong, bila kubadilishwa sana.

Eneo lililoanzishwa na wenye bunduki

Ni rahisi kusahau kwamba Kibera ilianzishwa na askari. Wanubi waliotumikia jeshi la mkoloni la King's African Rifles walipewa mahali pa kukaa katika msitu uliokuwa nje ya mji mchanga wa Nairobi, na jina lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mwaka 1918 eneo hilo la ekari 4,197 lilitangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Askari mstaafu alirudisha bunduki ya Serikali akapewa hati ndogo ya kumruhusu kulima na kujenga. Hati hiyo haikuwa ya kumiliki ardhi. Ilikuwa ruhusa, na aliyeitoa aliweza kuiondoa. Kwa miongo mingi iliyofuata, mzozo wa Wanubi na Serikali ulihusu tofauti hiyo hiyo kati ya kuruhusiwa na kumiliki, hadi jamii hiyo ilipokabidhiwa hati ya ekari 288 mwezi Juni mwaka 2017. Tunaitaja historia hii si kwa ajili ya pambo. Mtu aliyekulia Kibera ameirithi tajiriba ya kuishi kwa karatasi ya ruhusa, na anapolisikia neno "kibali" hulisikia kwa masikio hayo.

Sheria ya silaha nayo ina kivuli chake. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, kanuni za dharura zilifanya kupatikana na bunduki bila idhini kuwa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi, aliyekamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, hakuhukumiwa kwa kuongoza vita vya msituni. Mahakama iliyoketi Nyeri ilimhukumu kwa kupatikana na bastola na risasi, naye akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Kimathi alijitetea kwa Kikuyu kupitia mkalimani, mbele ya jaji Mwingereza. Nakala ya mwenendo wa kesi hiyo, iliyodhaniwa kwa miaka mingi kuwa imepotea, ilichapishwa mwaka 2017, na mwanafunzi yeyote wa tafsiri angefaidika kuisoma.

Leseni, kibali, cheti, ruhusa

Sasa tuyapime maneno yenyewe. Msikilizaji wa taarifa ya habari ya Kenya atasikia "leseni ya bunduki" asubuhi, "kibali cha kumiliki silaha" saa saba, na "bastola bila cheti" jioni, vyote vikirejelea karatasi ile ile. Je, haya ni visawe? Walimu wetu hutukumbusha kwamba visawe kamili ni adimu, na hapa ndipo tunapoona kwa nini.

"Leseni" ni mkopo wa Kiingereza. Huko Ayany neno hili lina maisha yake: leseni ya udereva, leseni ya biashara. Anayefuzu mtihani wa udereva na kulipa ada hutazamia kuipata, na akinyimwa ana haki ya kulalamika. Mwenye kibanda cha M-Pesa hulipia leseni ya kaunti. Kwa hiyo maana inayobebwa na neno hili katika akili ya msikilizaji ni malipo pamoja na sifa fulani, kisha karatasi. Mwenye fedha ataipata.

"Kibali" lina asili tofauti. Linatokana na shina la Kiarabu lililotupa kitenzi "kubali". Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalijua kwa maana ya kupendelewa: kupata kibali machoni pa mkubwa. Anayeomba kibali anasimama chini ya anayekitoa, na kukinyimwa si lazima kuwe na maelezo. (Tusisahau kwamba mshtakiwa "hukubali" au "hukana" shtaka, shina ni hilo hilo. Mtu anaweza kukubali kwamba hakuwa na kibali.)

"Cheti" tulilipata kutoka Bara Hindi, likiwa na maana ya barua au kipande cha maandishi. Kwetu leo ni karatasi inayothibitisha jambo lililokwisha kuwa: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi. Cheti hakiruhusu kitu, kinashuhudia tu. "Ruhusa" na "idhini", yote mawili ya Kiarabu, hayalazimishi kuwapo kwa karatasi yoyote. Mtoto huomba ruhusa kwa mdomo.

Sheria yenyewe ya Kenya inatumia, kwa Kiingereza, neno linalokaribiana zaidi na "cheti". Kifungu cha 4 kinamkataza mtu yeyote kununua, kupata au kuwa na silaha ya moto au risasi pasipo cheti kinachotumika wakati huo. Kifungu cha 5 kinaeleza jinsi ya kukiomba: mwombaji aonyeshe sababu njema ya kuihitaji silaha hiyo, na mamlaka iridhike kwamba anaweza kuruhusiwa bila kuhatarisha usalama wa umma au amani. Mlevi wa kupindukia, mtu asiye na akili timamu na yeyote asiyefaa kukabidhiwa bunduki hapewi. Cheti hutaja silaha yenyewe na kiasi cha risasi, pamoja na masharti, na lazima kihuishwe. Si karatasi ya kubeba bunduki yoyote, popote, kwa namna yoyote.

Ni nani anayetoa? Zamani alikuwa afisa mmoja mkuu wa leseni. Tangu marekebisho ya sheria za usalama ya mwaka 2014, kazi hiyo ni ya Bodi ya Leseni za Silaha, ambamo wamo wawakilishi wa polisi na wa idara nyingine za Serikali, ikiwemo ile ya wanyamapori. Desemba 2018 Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i, aliamuru raia wote wenye silaha wahakikiwe upya. Vyombo vya habari vya Kiswahili viliitangaza hatua hiyo kwa maneno ya kila aina. Baadhi walisema "wenye leseni wapigwe msasa", wengine "vibali vyote vimefutwa". Hizo ni kauli mbili zenye uzito tofauti kabisa. Anayepigwa msasa bado ana kitu mkononi, lakini ambaye kibali chake kimefutwa yuko nje ya sheria tangu dakika ile.

Hiari na lazima: somo kutoka Marekani

Mtu anaweza kuuliza, kuna hasara gani kama umma utasema "leseni" badala ya "cheti"? Ili kujibu, tutazame nchi ambayo mjadala huu umefikishwa hadi mahakama yake ya juu kabisa.

Nchini Marekani, Rekebisho la Pili la Katiba, lililoidhinishwa mwaka 1791, linazungumzia haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba. Sheria za kubeba bastola iliyofichwa chini ya nguo, hata hivyo, hutungwa na kila jimbo. Kwa muda mrefu majimbo yaligawanyika. Katika kundi moja, mwombaji aliyetimiza masharti yaliyoandikwa alipaswa kupewa, apende asipende afisa. Katika kundi la pili afisa aliweza kutoa au kukataa kwa kadiri alivyoona sababu za mwombaji. Jimbo la New York, ambalo sheria yake ya kudhibiti bastola ilitungwa mwaka 1911, lilikuwa katika kundi hili la pili: mwombaji alitakiwa kuonyesha haja mahususi inayomtenga na raia wa kawaida. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sharti hilo. Pia lipo kundi la tatu ambalo limekuwa likikua: kufikia mwaka 2024 majimbo 29 yalikuwa yameacha kumdai mtu mzima anayeruhusiwa kisheria kuwa na silaha karatasi yoyote ya kuibeba.

Tofauti kati ya makundi mawili ya kwanza, kwa Kiingereza, hukaa katika kitenzi kisaidizi kimoja: kimoja cha hiari, kingine cha lazima. Hapa Kiswahili chetu kinatutia matatani. Ukitafsiri kile cha hiari utaandika "afisa anaweza kutoa". Lakini "-weza" hubeba uwezo wa mwili, uwezekano wa jambo kutokea na ruhusa ya kisheria, yote kwa pamoja. "Bodi inaweza kukunyima" ina maana kwamba huenda ikakunyima, au kwamba ina mamlaka ya kukunyima? Mwanasheria anahitaji ya pili. Msikilizaji husikia ya kwanza. Kile cha lazima nacho hutafsiriwa kwa "-ta-", yaani "afisa atatoa", jambo linaloigeuza amri kuwa utabiri. Tungependekeza "ana hiari ya kutoa" na "sharti atoe" au "ni lazima atoe". Si maneno mapya. Ni kwamba hatuyatumii.

Kwa kipimo hiki msomaji ataona kwamba Kiswahili tayari kina maneno ya kutaja mifumo hii miwili. Mfumo wa lazima ni mfumo wa leseni, kwa maana ya neno hilo huko Toi na Ayany: timiza, lipa, chukua. Mfumo wa hiari ni mfumo wa kibali. Kenya, yenye sharti lake la "sababu njema", ni nchi ya kibali. Katiba ya mwaka 2010 haina haki ya raia kubeba silaha, na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, iliyotiwa sahihi na mataifa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, inayataka mataifa hayo yawazuie raia kumiliki silaha ndogondogo kiholela. Kwa hiyo tunapoliita jambo hili "leseni ya bunduki" tunamwahidi msikilizaji kitu ambacho sheria haikukiahidi. Ndiyo maana pia matapeli wanaouza "leseni" bandia hupata wateja. Mtu hawezi kununua asichoamini kuwa kinauzwa.

Na hiyo "sababu njema" ni ipi? Neno "njema" linaleta harufu ya maadili, ilhali sheria inataka sababu ya kutosha, iwe njema au la. Mfanyabiashara wa Karen anayesafirisha fedha nyingi huenda akaisema sababu yake kwa sentensi moja. Mama wa Ayany anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kununua mboga, anayeporwa njiani, ana sababu pia. Sheria haikutaja utajiri mahali popote. Lakini bei ya bastola, safari za kwenda ofisini, uchunguzi wa alama za vidole na mapendekezo ya maafisa wa usalama wa eneo humchuja mapema kabla Bodi haijaisikia sababu yake. Hatusemi kwamba apewe bastola. Ofisi ya Small Arms Survey ilikadiria kwamba mwaka 2017 palikuwa na silaha takriban 750,000 mikononi mwa raia wa Kenya, nyingi mno zikiwa hazijasajiliwa, na hatuoni jinsi kuongeza nyingine Kibera kungempunguzia mama huyo hofu. Tunasema tu kwamba neno "njema" linaficha mchujo huo.

Tanzania, kwa kulinganisha, ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mwombaji wa huko huanzia kwa viongozi wa mtaa au kijiji chake. Mazungumzo yote ya ngazi hizo ni ya Kiswahili, na tangu mwaka 2021 sheria ya nchi hiyo inakitaka Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Kazi yao ya istilahi tunaweza kuiazima bila aibu.

Kumiliki, kubeba, kupatikana na

Sehemu hii ndiyo iliyotusukuma kuandika. Kuna vitenzi vitatu vinavyotumiwa kana kwamba ni kimoja.

"Kumiliki" kunatokana na milki. Anayemiliki ana mali. "Kubeba" ni tendo la mwili. "Kupatikana na" ni usemi wa polisi na wa taarifa za habari: "vijana wawili walipatikana na bastola bila kibali." Sheria haimwulizi mtu kama bunduki ni mali yake. Inauliza kama alikuwa nayo. Na kuwa nayo, kwa ufafanuzi wa kifungu cha 4 cha Kanuni ya Adhabu, ni jambo pana: mtu anaweza kuwa na kitu kilichoko mikononi mwa mwingine, au kilichowekwa mahali popote kwa matumizi yake au ya mtu mwingine, hata kama mahali hapo si pake, na pale ambapo watu wawili au zaidi wanajua na kukubali kwamba mmoja wao anakishika, wote huhesabiwa kuwa nacho.

Tuchukue mfano wa kubuni. Muuza mitumba wa soko la Toi anakaa Ayany. Jirani yake kijana anamwomba amwekee mkoba hadi Jumapili. Anauweka chini ya kitanda. Siku ya pili anaugusa, anahisi chuma, anaogopa, ananyamaza. Polisi wanapokuja anasema, na kwa lugha yake anasema kweli tupu, "Mimi similiki bunduki." Mbele ya sheria jibu hilo halimsaidii, kwa sababu hakuulizwa hilo. Swali la sheria ni kama alijua, na kama kwa kujua aliendelea kuihifadhi. Kinyume chake, kama hakuugusa mkoba wala kujua kilichomo, ana utetezi wa nguvu ambao pengine hatautaja kamwe, kwa kuwa yeye anapigania neno "kumiliki".

Sasa mfikishe kizimbani. Karani anamsomea: "Ulipatikana na bastola bila kibali. Ni kweli au si kweli?" Anajibu, "Ni kweli." Kwani alipatikana nayo! Polisi waliingia, wakainua godoro, wakaipata. Kisarufi jibu lake linaafiki tukio. Kisheria linaweza kuandikwa kuwa amekiri kosa.

Tukichunguza kitenzi hicho kwa zana za mofolojia, tunaona tatizo limejengwa ndani yake. Katika "-patikana" mzizi -pat- umefuatwa na viambishi -ik- na -an-, na kauli ya kutendeka, kama tulivyofunzwa, humfuta mtendaji. Nani alipata? Wapi? Mbele ya nani? Yote yametoweka. Mshtakiwa ndiye kiima, bastola imeunganishwa naye kwa "na", na afisa aliyefanya upekuzi hayumo katika sentensi. Linganisha na "Konstebo aliikuta bastola ndani ya mkoba uliokuwa chini ya kitanda." Sentensi hii inaweza kuhojiwa. Ile ya kwanza ni ya kukubaliwa au kukanwa kwa jumla. Katika kesi nyingi za silaha, jambo linalobishaniwa hasa ni hilo: nani aliikuta, na ilikuwa wapi. Kiswahili cha taarifa kinalifuta bishano kabla halijaanza.

Sheria imejaribu kumlinda mtu huyu. Ibara ya 49 ya Katiba inataka anayekamatwa aelezwe sababu mara moja katika lugha anayoielewa, na Ibara ya 50 inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo asipoielewa lugha ya kesi. Kabla ya Katiba hiyo, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya Adan, mwaka 1973, ilikuwa imeweka utaratibu ambao mahakimu wa Kenya huufuata hadi leo: shtaka na viungo vyake vyote muhimu vielezwe kwa lugha ya mshtakiwa au anayoielewa, jibu lake liandikwe kwa kadiri inavyowezekana kwa maneno yake mwenyewe, kisha mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotukia na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuyafafanua. Akipinga, "ni kweli" yake hubadilishwa kuwa kukana. Neno la maana kwetu hapo ni "viungo". Kiungo kimoja ni kujua. "Ulipatikana na" haina kujua ndani yake.

Msomaji atauliza, basi mwenye cheti halali analindwa na nini? Si kila kitu. Cheti kinamruhusu kuwa na silaha, hakimruhusu kila tendo nayo. Januari 2020 mtumbuizaji mmoja alipigwa risasi shingoni katika klabu ya Kilimani, mwendo mfupi kutoka Ayany, na mbunge akashtakiwa. Shtaka la kujaribu kuua liliondolewa, na mwaka 2023 mahakama ikamwachilia kuhusu lile lililobaki, la mwenendo wa vurugu akiwa na silaha. Hatutajadili hukumu. Tunaitaja kesi kwa sababu wengi mtaani waliuliza, "Si ana leseni?" Swali hilo linadhihirisha jinsi neno "leseni" linavyodhaniwa kuwa kinga.

Silaha iliyofichwa ndani ya neno

Wamarekani husema juu ya silaha "iliyofichwa" bila kumaanisha lawama. Ni namna ya kubeba tu. Kwa Kiswahili, "kuficha" kuna hatia ndani yake. Afichaye ana jambo. Hivyo "kibali cha kubeba bastola iliyofichwa" husikika kama kibali cha kutenda ovu. Kenya haina karatasi ya pekee kwa ajili hiyo. Mwenye cheti huibeba chini ya koti, na desturi inamtaka asiionyeshe. Pengine "kubeba chini ya vazi" kungetosha.

Lakini upo ufichaji mwingine unaotuhusu zaidi sisi watu wa lugha. Vijana wa Kibera na Kawangware hawasemi "bastola". Husema "mguu wa kuku", kwa sababu ya umbo lake. Husema "bunde", "ndeng'a", "mchuma". Wakati mwingine husema tu, "Jamaa ana kitu." Hii ni tafsida, na kazi ya tafsida ni kupunguza makali. Neno "mguu wa kuku" humfanya mtoto wa darasa la saba acheke. Katika tamthilia iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina Mzalendo Kimathi, bunduki husafirishwa ndani ya mkate, naye kijana anayeubeba hajui kwanza amebeba nini. Waandishi wake, Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, walielewa kwamba aliyebeba na aliyejua si lazima wawe mtu mmoja. Sheria nayo hulijua hilo, kama tulivyoona.

Suala la silaha bandia ni zito zaidi. Kifungu cha 34 cha Sura ya 114 kinamwadhibu anayetumia silaha ya moto au mfano wake kwa nia ya kutenda kosa. Kwa Sheng, kitu cha bandia ni mchezo. Kwa sheria, na kwa afisa aliyeko umbali wa mita ishirini gizani, si mchezo. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha tamathali za usemi Kibera ana nafasi ya kulieleza hili ambayo mwanasheria hana.

Na neno "silaha" peke yake? Latoka Kiarabu na hujumlisha panga, rungu, mshale na kombora. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, iliripoti vifo 1,133, na kati yake 405 vilitokana na risasi. Waliobaki waliuawa kwa njia nyingine, mapanga na mishale ikiwamo. Ukisema "silaha haramu zisalimishwe" katika mtaa uliopitia hayo, mtu ana haki ya kuuliza kama unataka pia panga lake la kukatia nyasi. "Silaha ya moto" inaliondoa tatizo hilo, na inafaa kuliko "bunduki", kwa sababu msemaji wa kawaida huiwazia bunduki kuwa ndefu, na bastola kuwa kitu tofauti.

Pendekezo la shtaka

Tunapendekeza, basi, "silaha ya moto" kwa kitu chenyewe. "Cheti" kwa karatasi. "Kibali" kwa uamuzi wa Bodi. Na "leseni" iachiwe madereva na wafanyabiashara. "Kumiliki" kutumike pale tu mali inapozungumziwa, na "kuwa na" pale sheria inapotaka kuwa na. Shtaka la muuza mitumba wetu lingesomwa hivi:

"Unashtakiwa kwamba tarehe fulani, katika nyumba moja mtaani Ayany, ulikuwa na silaha ya moto, yaani bastola, pasipo cheti. Si lazima iwe mali yako. Inatosha kwamba uliiweka, au uliihifadhi kwa ajili ya mtu mwingine, hali ukijua ni nini. Je, ulikuwa nayo? Je, ulijua?"

Ni maneno mengi kuliko "ulipatikana na bastola bila kibali", na karani mwenye mashtaka ishirini asubuhi moja hatatushukuru. Maswali mawili mwishoni yamewekwa makusudi, kwa kuwa swali moja huzaa jibu moja. Bado hatujaridhika na "hali ukijua", ambayo ni ya kitabuni mno kwa masikio ya Ayany, wala "ukijua" peke yake, ambayo yaweza kusikika kama sharti. Wasomaji walio karibu na mahakama, hasa wale wanaofanya kazi ya ukalimani, watuandikie watumialo.